Kodi ya Mtungi wa Ukweni

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa chumba cha uchapaji wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya hizi mashine zao za kubonyeza. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Watanisamehe. Mtu aliyezungusha mkono wa mashine ya kurudufu tangu miaka ya sabini hajui kutoa karatasi moja tu. Vyeo sitavitaja, maana vimo kwenye jalada langu na mnalifungua bila ruhusa. Mshahara nao nauacha, haukuwa wa kusimuliwa. Nitaandika habari za mashine, za Bwana Sefu, na za mashindano ya Kasulu ambayo kwa ajili yake nilikaa wiki mbili bila kuuliza swali. Wanaonifahamu wataelewa kwa nini jambo hilo linastahili kuandikwa.

Nilizaliwa Titye, nikaacha shule darasa la nne. Sikufukuzwa wala sikuugua. Lori lilikuwa limeharibika karibu na shule, fundi alikuwa siku ya tatu anafungua injini, na mwalimu darasani alikuwa anafundisha jambo nililokwisha kulisikia. Lori lilipopona, niliondoka nalo. Nilikata mkonge Tanga, nikapakia magunia Kigoma, nikachemsha chumvi Uvinza, kisha nikashika kamba za mpima ardhi huko Kibondo, mpaka mpima ardhi mwenyewe akaomba nihamishiwe kazi nyingine ili apate kusikia hesabu zake kichwani.

Ndivyo nilivyofika ofisi ya wilaya. Siku ya kwanza niliitwa kubeba meza. Nilipoishusha niliona chombo cha chuma kimefunikwa kitambaa, nikauliza ni nini. Karani mkuu, Bwana Sefu, mtu wa pwani aliyekuja kwetu kwa miaka miwili na sasa alikuwa na kumi, alisema ni mashine ya kurudufu, imekufa tangu masika. Nikauliza imekufaje. Hakujua. Nikauliza kama naweza kuitazama.

"Itazame," alisema. "Haiwezi kufa mara mbili."

Kufika alasiri nilikuwa nimeifungua yote na kuitandaza juu ya magunia, mikono myeusi hadi viwikoni. Panya alikuwa amezaa kwenye roli ya kuvutia karatasi. Nilimhamisha yeye na wanawe, nikafunga vyuma, na vikabaki viwili mkononi ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vya nini. Mashine ikaenda. Bwana Sefu alivitazama vile vyuma kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vitie kwenye droo. Usivichunguze, tusije tukaharibu furaha." Kesho yake niliandikishwa kazi.

Kwa ninyi ambao hamkuiona: stensili ni karatasi ya nta. Unaondoa utepe wa taipureta ili herufi zitoboe nta yenyewe. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unapiga tena. Halafu unaivalisha kwenye ngoma ya wino na kuzungusha mkono, polepole na kwa mwendo mmoja. Ukizungusha kwa hasira inachanika. Kibondo masika karatasi hunywa unyevu, zikatoka mbili mbili zimekumbatiana kama maharusi, kwa hiyo Bwana Sefu alinifundisha kuzianika karibu na jiko la chai. Alinifundisha na jambo jingine: linalopita kwenye mashine halipiti kwenye mdomo.

"Wewe ni bomba," aliniambia. "Bomba halinywi maji."

Nikamuuliza bomba likitoboka inakuwaje. Akafumba macho. "Mungu wangu," alisema, "nimeajiri kichujio."

Baada ya saa za kazi Bwana Sefu alifundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa watu waliotumwa na vijiji. Walikuwa kumi na wawili, kwenye benchi za bohari la zamani la tumbaku. Mimi sikuandikishwa, lakini nilikaa nyuma nikiuliza kuliko walioandikishwa. Benchi la mbele alikaa Mama Stella. Alikuwa na watoto watatu, mume aitwaye Yona, na mama mkwe mgonjwa wa kulala kitandani. Kila siku alitembea saa nzima na nusu kuja na nyingine kama hizo kurudi, kwa kuwa Yona alikubali asome kwa sharti moja: usiku alale nyumbani. Kijiji chao kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba atakayerudi na cheti ndiye atakayeshika vitabu vya kijiji. Jumamosi alipika pombe ya ndizi, na kwa pesa hizo alinunua madaftari. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa hivyo.

"Tangu nizaliwe naandikwa," alisema. "Mkutano wanaandika jina langu, zahanati wanaandika jina langu, kanisani hivyo hivyo. Nataka na mimi nishike kalamu nione wanavyojisikia."

Ndipo ikaja barua kutoka mkoani. Ilisema kuwa na darasa Kibondo na darasa Kasulu ni gharama, litabaki moja. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, redio kila siku ilikuwa ni bajeti na bajeti, na wakubwa walitaka kuona kama hawa watunza vitabu wa vijijini wanaelewa mambo ya nchi. Kwa hiyo kila darasa lilete watu watatu Kasulu, wapewe swali la mapato na matumizi ya taifa zima, walijibu mbele ya waamuzi. Darasa litakaloshinda litabaki mahali pake. Lililoshindwa litafungwa, na watu wake pamoja na mwalimu wahamie kwa wenzao.

Darasa zima liligeuka kumtazama Mama Stella. Kwa wengine kuhamia Kasulu kulikuwa usumbufu. Kwake ulikuwa mwisho wa masomo.

"Mbona mnanitazama kama maiti?" aliuliza. "Someni."

Bwana Sefu alichagua watatu: Mama Stella, Hamisi, mtoto wa mwenye duka pale mjini, aliyejumlisha safu tatu kwa jicho moja, na Ezekieli wa Gwarama, kijana wa kwaya, mwenye mwandiko ambao ungeweza kuutundika ukutani.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Mashine ya Kasulu ilikuwa mbovu, kwa hiyo mkoa uliniletea bahasha ya lakiri yenye swali la mashindano ili nilichape mimi. Juu iliandikwa: ifunguliwe na mwendesha mashine peke yake. Bwana Sefu aliisoma anwani hiyo, akaninyooshea bahasha kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kaa la moto, akatoka nje, akanifungia mlango. Alikaa barazani ameupa mlango mgongo, na kila nilipopiga taipureta yeye alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, asije akakisia maneno kwa mlio wa herufi. Watu waliopita walidhani anahesabu ng'ombe.

Swali lilihusu nchi ya kubuni. Lilitoa orodha ya matumizi: shule, zahanati, barabara, mafuta, mapokezi ya wageni wa serikali. Likatoa na mapato, ambayo hayakutosha. Likasema: zibeni nakisi kwa kodi moja mpya, msiguse chumvi, sukari wala jembe, mnaarifiwa kwamba katika nchi hii hupikwa mitungi milioni moja ya pombe ya kienyeji kila mwaka.

Nilielewa mtungi. Nakisi sikuielewa. Nililala nayo, nikaamka nayo, na asubuhi kabla hata ya kusalimia nikasema, "Bwana Sefu, hivi nakisi ni..."

Alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili na kuanza kuhesabu. Alipofika thelathini akatoa mkono mmoja.

"Umeshanipa neno! Sasa mimi nilifanye nini neno hili? Nililifundisha mwezi uliopita, siwezi kulifundua!"

"Samahani, Bwana Sefu. Lakini je..."

"Hakuna je! Kuanzia leo mpaka Kasulu, huulizi kitu."

"Hata saa?"

"Hata saa."

"Na kama nina..."

"Hilo ni swali."

Nilikata mkonge kwenye jua la Tanga, lakini sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Siku ya pili Hamisi alitangaza dukani kwao kwamba Bwana Mashine anaumwa, amekaa darasani saa mbili kimya. Siku ya nne mama mmoja aliniletea uji. Siku ya sita Ezekieli aliniombea, na nikashindwa hata kumuuliza anamwambia Mungu nini.

Wakati huo wale watatu walijifua kwa nguvu zote kwa mambo yasiyokuwamo. Walitoza chumvi kodi, wakaipunguza, wakaitoza tena. Hamisi alipendekeza kodi ya kengele za baiskeli. Ezekieli akauliza asiye na kengele je.

"Huyo tutamsikia akigonga watu," alisema Hamisi.

Mimi nikiwa nyuma nilitazama dari. Kila nikimwona Mama Stella anajumlisha magunia ya chumvi, nilirudi kuhesabu boriti. Sentensi moja tu ingetosha. Hata neno moja. Nilichoweza kufanya ni kukaa mbali, na kwa sababu hiyo Jumamosi zote mbili sikwenda kwake, ambako kwa kawaida nilikwenda kunywa na kumuuliza kwa nini ndizi za shimoni huiva sawasawa na za juu haziivi.

Tulisafiri siku moja kabla, juu ya lori la maharage. Bwana Sefu alikaa mbele na dereva, bahasha ya maswali mapajani mwangu huku nyuma, imefungwa upya na kupigwa mhuri. Tulipovuka Malagarasi, Hamisi na Ezekieli walikuwa wamelala juu ya magunia, wamegeuka wekundu kwa vumbi. Mama Stella alisogea.

"Usinijibu," alisema. "Mimi nasema tu. Jumamosi ya kwanza hukuja. Nikasema ana homa. Jumamosi ya pili hukuja, lakini nilikuona unapita njia ya juu, mzima, unakimbia kama uliyeona nyoka mlangoni kwangu. Sasa kwangu kuna nini? Kuna watoto, kuna mama mkwe, na kuna mitungi."

Nilitazama milima. Nadhani niliitazama vibaya, kwa sababu alicheka.

"Basi, basi. Usitokwe jasho, litalowesha bahasha."

Akawatazama wale wawili waliolala. Kisha akasema, "Tangu Jumatatu najua. Sikuwaambia hawa."

Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili nilikaribia kuuliza. Nadhani aliona swali limenifika kwenye meno.

"Ningewaambia, Bwana Sefu angejua siku hiyo hiyo. Hamisi hawezi kuficha hata kikohozi. Na Bwana Sefu angeturudisha nyumbani mwenyewe, kwa miguu yake, kabla ya mwenyekiti wa waamuzi kutufukuza." Akajifunga kanga vizuri. "Lakini yemwe, jamani, kuna watu wanajua kunitesa. Wiki nzima natoza chumvi."

Asubuhi, ukumbi wa Kasulu ulijaa. Walimu walikuwapo, wenye maduka walikuwapo, wazee waliokuja kwa baraza la ardhi wakakosea mlango nao walikuwapo na hawakutaka kutoka. Waamuzi walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mkaguzi wa mkoa, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikata bahasha mbele yao, nikagawa karatasi, nikaenda kukaa karibu na dirisha. Ezekieli alisoma swali na kugeuka kunitazama kwa macho ya mtu aliyeelewa ugonjwa wangu wote kwa mara moja. Mama Stella hakugeuka.

Hadi saa sita walikuwa na kalamu na leja, kila kundi na meza yake. Kundi la Kasulu liliongozwa na Filberti, kijana mtanashati mwenye kalamu tatu mfukoni. Walimaliza saa tano. Wetu bado walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, Hamisi akinyoosha vidole, Mama Stella akivikunja kimoja kimoja.

Mchana kila kundi lilisimama kujieleza. Filberti alisoma vizuri sana. Mitungi milioni moja, kila mtungi kodi yake, makatibu kata wakusanye. Nakisi ikazibwa. Bajeti ikafunga hadi senti ya mwisho, na ukumbi ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga kidogo, kwa kuwa hesabu safi ni hesabu safi.

Kisha Ezekieli akabandika karatasi yetu ukutani, kwa ule mwandiko wake. Nilimwona Bwana Sefu, aliyekaa benchi la nyuma, akivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo tangu aanze kufundisha hesabu alikuwa hajaruhusu kitu chochote ila sifuri, palikuwa na pengo. Na kando ya pengo, kwa maandishi mazuri kabisa, palikuwa na maneno: Hapa bado.

Mwenyekiti aliinua miwani. "Ndugu, hii bajeti haijafunga."

"Haijafunga, Ndugu Mwenyekiti," alisema Mama Stella.

"Mlikosa muda?"

"Muda ulitosha. Mitungi ndiyo haikutosha."

"Mmepewa milioni moja."

"Ya kupikwa, ndiyo. Tumetoa ya ukweni." Wazee wa baraza la ardhi wakasogea mbele. "Kuna mtungi unapelekwa ukweni. Kuna mtungi wa watu waliokuja kukulimia. Kuna mtungi wa msiba. Hiyo haiuzwi, mwenye nayo hapati hata senti, sasa utamtoza kodi ya nini? Tumebakiza ya kuuza. Theluthi moja. Tukaitoza, ikaziba nusu ya pengo. Tukaenda kwenye matumizi tukakata hapa, mapokezi ya wageni wa serikali."

"Mmekata kiasi gani?"

"Yote, Ndugu Mwenyekiti. Wageni watakula walichokuta."

Waamuzi walikuwa wamemaliza muda si mrefu kuku wa ofisi ya wilaya. Mmoja wao alisogeza mfupa kando ya sahani kwa kidole.

Filberti alisimama kuomba kuuliza, na haki hiyo alikuwa nayo. "Ndugu Mwenyekiti, napenda kujua kutoka kwa mama yangu. Katibu kata akikuta mtungi njiani, atajuaje kama ni wa ukweni?"

"Atajua. Umefungwa majani ya mgomba, umebebwa kichwani, na mbele anatangulia mzee."

"Basi kwa sheria hii," alisema Filberti, "baada ya wiki moja Kasulu nzima itatembea na majani ya mgomba, na hata mimi nisiye na mke nitakuwa na wakwe thelathini."

Ukumbi ulipasuka. Wazee wa baraza la ardhi waligonga fimbo sakafuni. Hamisi alijificha nyuma ya leja. Mama Stella alisubiri wamalize, naye akitabasamu, kwa kuwa alikuwa mpishi wa pombe na alijua kijana amesema kweli.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Na kwa sheria yako, baada ya wiki moja Kasulu nzima hakuna atakayeoa."

Mwenyekiti alivua miwani ile ya uzi akafuta machozi. Alipomaliza kucheka aliuliza swali moja tu, taratibu.

"Mama, hamkuona kwamba mngeweza kupunguza hiyo mitungi ya ukweni kidogo, ikafunga? Nani angewahesabia?"

"Tuliona. Hamisi aliona kwanza. Lakini mimi hiyo mitungi nimeipika, Ndugu Mwenyekiti. Najua ni mingi kiasi hicho."

Walikwenda chumba cha pili, wakakaa sana. Waliporudi, mwenyekiti alisoma matokeo bila kupamba. Swali lilitaka nakisi izibwe. Kasulu waliiziba, Kibondo hawakuiziba. Kasulu wameshinda, darasa litabaki Kasulu. Akaongeza kwamba karatasi ya Kibondo ataichukua yeye mwenyewe kupeleka mkoani, kuna watu angependa waione. Hilo lilikuwa jambo zuri, lakini halikumsaidia mtu kulala nyumbani kwake.

Filberti alikuja mezani kwetu. "Shikamoo, mama. Usinikasirikie."

"Marahaba. Nikukasirikie kwa nini, umesema vizuri. Siku ukioa nitakuja kuhesabu mitungi."

Kurudi, Bwana Sefu alikaa nasi nyuma, juu ya magunia matupu. Tulikwenda mpaka karibu na Makere.

"Bajeti lazima ifunge, Mama Stella," alisema hatimaye, si kwa ukali.

"Najua, Bwana Sefu."

"Tangu siku ya kwanza nilisema."

"Ulisema. Lakini kalamu niliyoshika ilikuwa yako, ile uliyoniazima. Niliona haya kuiandikisha uongo."

Bwana Sefu aligeuza uso kwenye vumbi. Baadaye Mama Stella alianza kuwaeleza Hamisi na Ezekieli wapi pa kupanga chumba Kasulu, nani ni ndugu wa nani, sokoni wanunue kwa nani. Aliwaeleza kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayekabidhi ofisi. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kuuliza tangu saa nne asubuhi ile na nilikuwa nimesahau. Ndipo nikakumbuka.

"Bwana Sefu," nilisema, "mafundisho yako ya mwaka mzima yanaingia kwenye stensili ngapi?"

Alinitazama. "Arobaini. Hamsini ukichora leja."

"Na mashine yetu, kwa kuwa ya Kasulu ni mbovu, wataihamisha lini?"

"Darasa likihamia. Ijumaa ya wiki ijayo."

"Na mtihani wa cheti, kanuni inasema mtahiniwa awe amekaa darasani?"

Aliipitia kanuni kichwani, mstari kwa mstari, nilimwona midomo ikicheza. "Inasema afike Kasulu siku ya mtihani, alete barua ya kijiji," alisema. "Haisemi alikotoka."

Mama Stella alikuwa ameacha kuzungumza na vijana.

Tulifanya kazi siku nane. Stensili zilikuwapo thelathini tu, kwa hiyo niliandika herufi kwa kubana, mistari imekaribiana kama watu kwenye ibada ya Pasaka, na leja nilizichora kwa spoki ya baiskeli. Karatasi alitoa baba yake Hamisi kutoka dukani, kwa sharti kwamba tumchapie tangazo la mafuta ya taa. Tukamchapia, na kwa haraka tuliyokuwa nayo nusu ya matangazo yalitoka na kanuni za urari wa hesabu upande wa nyuma. Nasikia yalisomwa sana. Bwana Sefu alisoma kwa sauti, mimi nikapiga, Mama Stella akazungusha mkono wa mashine. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, mwendo mmoja, hakuchana hata moja. Alhamisi alifunga mafundisho yote kwenye kanga, akayatwika kichwani, akashika njia ya kwao.

Ijumaa mashine ilipakiwa, na mimi na Bwana Sefu tukapakiwa nayo. Mwaka ule wote Kasulu kazi yangu ya pili ilikuwa maswali ya Mama Stella. Yalikuja kwa mikono ya madereva, yamekunjwa kwenye mifuko ya mashati, mengine yana mafuta, jingine lilikuja limefungia karanga. Kama nimenunua kwa fedha ya kijiji nikarudisha nusu, naandika wapi? Kama kitu kimechakaa nani anasema kimechakaa kiasi gani? Niliyapeleka kwa Bwana Sefu, niliyarudisha na majibu, na kwa kuwa sikuwa bomba zuri niliyasoma yote njiani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza utunzaji wa vitabu, kwa maswali ya mtu mwingine. Filberti aliyaona siku moja mezani kwangu na kujibu mawili mwenyewe. Moja alilikosea, na Mama Stella akamrudishia limesahihishwa.

Siku za mtihani alifika na lori la jioni, akalala kwa dada wa baba yake Hamisi usiku mbili. Hizo mbili Yona alimruhusu, na watu walioleta habari walisema yeye mwenyewe ndiye aliyembebea mzigo hadi barabarani. Matokeo niliyachapa mimi. Hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Hamisi, na baba yake alitujulisha wote. Mama Stella alikuwa wa nne. Nilizungusha mkono nikaliona jina lake linapita, linapita, mara sitini, na nikapeleka cheti chake kwa dereva niliyemwamini.

Wiki tatu baadaye dereva yule yule aliniletea kikaratasi kingine kimekunjwa kwa namna ile ile. Nilikipeleka kwa Bwana Sefu bila kukifungua, kwa mara ya kwanza. Alivaa miwani, akakikunjua. Ndani palikuwa na jina la kijiji, tarehe, na mstari mmoja: Leo nimefungua vitabu vya kijiji.

Bwana Sefu alikisoma mara mbili. Kisha akakigeuza kutazama swali liko wapi.

Nyuma palikuwa peupe.